Aliyenunua Siku Mkononi

Boti lilikuwepo. Watu wajue hilo kwanza, maana siku hizi kuna wanaosema lilikuwa safarini Moba, wengine wanasema lilikuwa limetoboka. Lilikuwepo. Asubuhi ile ya siku ya Mungu boti la shirika la Tusaidiane lilikuwa limelala mchangani, pale Kalemie, mto Lukuga unapotokea ziwani, limefungwa mnyororo. Moteri yake ilikuwa nyumbani kwa prezida wa shirika, imefunikwa blanketi kama mgonjwa.

Firmin alikuwa kanisani. Alikuwa shemasi, na zamu yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuonyesha watu mahali pa kukaa. Ndiyo maana alimwona Mama Philomène kabla ya wengine. Mama huyo alikuwa Mkatoliki wa kutoka Mpala, misioni iliyo kusini kando ya ziwa, na hakuwa amekanyaga kanisa lile la watu wa kaskazini hata siku moja. Alikuja akikimbia, kilemba kimemteleza hadi shingoni.

"Papa Firmin, toka."

"Tuko katika maombi, Mama."

"Toka, nakuambia. Mungu atakungojea."

Akatoka. Mama Philomène alimshika mkono wa shati, akamvuta hadi kwenye ukuta ambapo nyimbo hazikufika sana.

"Fonie ya misioni, ile redio ya kuzungumza, imeita. Ni Padri wa Mpala mwenyewe. Rosalie ameshikwa na uchungu tangu jana jioni. Mutoto amelala kando. Ametoa mukono."

"Mukono gani?" Firmin akauliza, kana kwamba kuna mkono mmoja ulio afadhali.

"Mukono, Papa. Mukono wa mutoto. Masista wanasema wao hawawezi. Wanasema aletwe huku lopitali kwa munganga, apasuliwe. Wanasema leo. Si kesho, ni leo."

Firmin aliangalia viatu vyake. Rosalie, mke wake, alikuwa amekwenda Mpala siku ya ine, ile ambayo watu wa Kigoma wanaiita Alhamisi, na boti hilo hilo. Alipeleka chumvi na sabuni, arudi na mahindi siku ya ine inayofuata. Mimba ilikuwa bado na mwezi wake wa mwisho. Alipoambiwa apumzike alicheka, akasema, "Nikipumzika, nani atakula hiyo pumziko?" Akapanda boti akiwa ameshika mgongo.

"Leo ni siku ya Mungu," Firmin akasema, na uso wake ukafunguka kidogo. "Boti liko bure."

"Njo maana nimekimbia," Mama Philomène akajibu. "Twende kwa Bonaventure."

*

Ni lazima tueleze mambo ya siku hizo, maana humo ndimo muntu alifia.

Boti la Tusaidiane lilikuwa la watu sita, na kila mmoja alikuwa na siku yake. Siku yako ikifika, boti ni lako: upakie samaki, upakie unga, upakie wakwe zako ukitaka. Siku ya kwanza ilikuwa ya Bonaventure, prezida. Ya pili, ya Mama Philomène. Ya tatu, ya Jean-Baptiste, sekretere, aliyefanya kazi ya biro, yaani ofisi, bandarini. Ya tano ilikuwa ya mzee mmoja ambaye wiki ile alikuwa Kigoma. Siku ya saba, siku ya Mungu, haikuuzwa kwa muntu. Iliwekwa kwa ajili ya shida: ugonjwa, kifo, mama wa kuzaa. Mshirika mwenye shida siku ya Mungu anapewa boti bila kuombaomba, na akifiwa anapewa mbao za sanduku, kitambaa cheupe na unga wa matanga.

Lakini siku ya ine na siku ya posho, yaani Jumamosi, zilikuwa zimeuzwa upya. Posho aliinunua Évariste, kijana aliyeoa mwaka uleule. Siku ya ine ilikuwa ya Adalbert, mmoja wa waanzilishi. Adalbert alipochoka na baridi ya ziwa alirudi milimani kwa ndugu zake, akamuuzia Firmin siku yake. Akamwambia, "Unachukua vyote nilivyokuwa navyo." Firmin aliamini. Kwa nini asiamini? Muntu akikuuzia nyumba hakuachii mlango akaondoka na paa.

Kulikuwa na desturi moja tu. Anayeingia Tusaidiane hununua kazie mbili za bia, kreti mbili nzima, washirika wanakaa kwa prezida, wanakunywa mpaka chupa ya mwisho, na baada ya hapo yeye ni wao. Évariste alikuwa bado anatafuta pesa yake. Firmin hakununua. Kanisa lake halikubali pombe, na yeye alikuwa shemasi. Alileta chai ya maziwa katika birika kubwa, mikate ya mviringo, na sukari ambayo Rosalie aliificha miezi mingi. Waliinywa. Walicheka, wakaomba tena, wakamaliza hata mikate. Firmin alirudi nyumbani akamwambia mke wake, "Wamenipokea." Hilo ndilo kosa lake, kama unataka kuliita kosa.

*

Bonaventure alikuwa anakula bukari, ugali wetu, na samaki wa kuhe kwenye baraza. Alikuwa amevaa abakosti yake ya kijivu, koti la wakubwa lisilo na tai, na kichapa cha chama kifuani, ile beji ndogo ya chama cha serikali, maana yeye pia ndiye aliyesemea chama katika mtaa ule. Mke wake alileta maji ya kunawa, akayaweka mbele ya bwana wake, akarudi ndani. Kiti hakikuletwa.

Firmin akaeleza amesimama. Bonaventure alisikiliza huku akitoa miiba mdomoni mmoja mmoja.

"Pole," akasema. "Pole sana, Papa Firmin. Kuzaa ni vita."

"Asante, Prezida. Nimekuja kuchukua funguo na moteri. Esansi ya moteri ninayo, ile niliyonunua ya safari yangu ya siku ya ine, imejaa pipa. Élisée wa kuendesha nimemwona njiani, yuko tayari."

"Funguo gani?"

"Ya mnyororo wa boti."

"Leo ni siku gani?"

"Siku ya Mungu, Prezida."

"Na wewe siku yako ni gani?"

Mama Philomène, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akasema, "Bonaventure, acha hiyo. Muke wa muntu anakufa."

"Mama, mimi siko naongea na wewe. Naongea na muntu wa Adalbert." Akaosha vidole. "Papa Firmin, sisi hatuna ubaya. Lakini kuna washirika, na kuna wenye kununua mkononi. Wewe ulinunua siku ya ine. Siku ya ine hatujakunyima hata mara moja, au nasema uongo? Lakini siku ya Mungu ni ya washirika."

"Prezida, helise ya moteri ilipovunjika, mulikuja kunichangisha."

"Tulikuja."

"Mulipoziba boti na lami, nilitoa kama wengine. Moteri ilipokwenda kutengenezwa, nilitoa. Siku hizo hakuna aliyeniuliza nimenunua wapi. Siku ya kutoa mimi ni mushirika. Siku ya kupata mimi ni muntu wa Adalbert?"

Bonaventure hakukasirika. Wakubwa wa aina yake hawakasiriki, wana komite.

"Hayo ni maneno ya kuzungumza katika komite," akasema. "Mimi peke yangu sina nguvu. Acha niwaite."

"Sasa hivi?"

"Wakishatoka misa."

*

Walikuja mmoja mmoja, polepole, kwa nguo za misa. Jean-Baptiste alikuja na mwavuli ingawa mvua haikuwepo. Évariste alikuja akakaa mwisho wa benchi, karibu na mbuzi. Majirani wachache nao walisogea kusikiliza. Hapo jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya ziwa, na maji yalikuwa yametulia kama yamepigwa pasi. Kila dakika Firmin aligeuka kuyaangalia.

Jean-Baptiste ndiye aliyesema kwanza, maana alisoma.

"Citoyens, wananchi, tusichanganye huruma na sheria. Hilo boti lilitoka wapi? Mbao tulizishusha mabegani kutoka milima ya Mpala. Mimi nina kovu hapa mpaka leo. Mwaka wa kwanza hatukupata kitu. Siku ya Mungu tuliianzisha baada ya kumzika ndugu yetu aliyekosa chombo cha kumleta lopitali, na kila mmoja wetu alikata kidogo katika siku yake ili ile moja ipatikane. Papa Firmin alikata nini? Alikuta imeiva. Na pesa yake hakuileta kwetu, aliipeleka kwa Adalbert. Sanduku letu halikuona kitu."

"Kweli," Bonaventure akasema.

"Na tukimfungulia yeye, kesho muntu mwenye muke mugonjwa atanunua siku ya muntu kwa haraka, si kwa sababu ya biashara, kwa sababu ya siku ya Mungu. Atatumia, atauza, atakwenda zake. Sisi tutabaki na moteri imekufa. Nani atalipa?"

Si maneno ya mwendawazimu hayo. Ukiyasikia umeshiba, umekaa kivulini, unaona yana miguu. Ubaya wake ni kwamba yalisemwa huku boti liko bure na mwanamke yuko juu ya kitanda cha kuzalia.

Mama Philomène akasimama.

"Mimi sikusoma. Nauliza kitu kimoja tu. Adalbert alikuwa na haki yake ya siku ya Mungu. Sivyo?"

"Sivyo kwa nini? Alikuwa nayo," Jean-Baptiste akasema.

"Ameenda milimani. Ameibeba?"

"Haki haibebwi, Mama."

"Basi iko wapi? Hakuibeba, na Firmin hakuipata. Iko wapi? Nani anaikula?" Akamgeukia Bonaventure. "Yenga iliyopita, siku ya Mungu kama leo, boti lilikwenda Kabimba kuchukua saruji. Ile saruji ilikuwa na uchungu wa kuzaa?"

Jirani mmoja akacheka halafu akajuta. Bonaventure aligusa kile kichapa chake cha chama.

"Mama Philomène, heshima."

"Heshima nimeiacha kanisani kwa akina Firmin. Évariste, na wewe sema! Wewe pia ulinunua mkononi. Muke yako ana tumbo. Sema!"

Évariste aliangalia mbuzi. Alikuwa kijana mzuri, alimpenda Firmin, na siku moja Firmin alimpa nafasi ya magunia bila kumdai kitu. Alifungua mdomo. Akamwona Bonaventure anamwangalia.

"Mimi nitafuata wakubwa," akasema.

Firmin alipiga magoti. Hakuna aliyemwambia apige magoti, na baadaye hakukumbuka kama alifanya hivyo, lakini watu waliokuwepo wanakumbuka, kwa sababu suruali yake ya kanisa ilibaki na vumbi jekundu.

"Papa zangu. Chukueni siku yangu ya ine. Ya wiki hii, na ya wiki ijayo. Nipeni leo tu."

"Simama, Papa Firmin, simama, sisi si wazungu," Bonaventure akasema, na sauti yake ilikuwa ya wema kweli, na huo wema wake ndio unaotia kichefuchefu. "Boti likienda leo litarudi kesho. Kesho ni siku yangu. Kwa hiyo siku ya ine nitaichukua, hiyo ni haki, tumemaliza. Lile jambo lingine ni dogo sana. Wewe ulitunywesha chai."

"Chai?"

"Tulikunywa chai. Hatukunywa kiingilio. Kamilisha kiingilio chako leo, utakuwa mushirika leo, na siku ya Mungu itakuwa yako kama yangu. Kazie mbili. Hakuna atakayesema kitu. Jean-Baptiste?"

"Kwa njia hiyo sheria inabaki imesimama," Jean-Baptiste akasema.

*

Pesa ya nyumba ilikuwa Mpala, imefungwa katika kitambaa kiunoni mwa Rosalie, imegeuka mahindi. Mama mkwe wake, Mama Thérèse, alimkuta Firmin chumbani anapindua godoro.

"Unatafuta nini?"

Akamwambia. Mama Thérèse hakusema neno juu ya komite. Alivuta sanduku la chuma la binti yake chini ya kitanda, akatoa vikwembe vya Rosalie, vitenge vile vizuri ambavyo havijakatwa, alivyovinunua kimojakimoja kila biashara ilipokwenda vema. Alivikunja juu ya goti lake, taratibu, kama anayemkunjia mwenyewe.

"Kile cha bluu kiache," Firmin akasema. "Alikitaka kwa kutoka nje na mutoto."

"Akirudi atanunua kingine," Mama Thérèse akasema. "Chukua vyote. Kimbia."

Mwenye bar alivishika, akavinyoosha kwenye mwanga, akasema rangi ya hiki itachuja. Akasema siku ya Mungu bei ya bia ni nyingine. Akavichukua vyote, na cha bluu. Kazie moja Firmin aliibeba kichwani. Ya pili alibeba Élisée, dereva wa boti, aliyekuja kumtafuta.

Ibada ndiyo kwanza ilikuwa imekwisha. Watu wa kanisa walikuwa wanatoka, wanawake katika vitambaa vyao vyeupe, na njia ya kwenda kwa Bonaventure ilipita palepale. Hakukuwa na njia nyingine isiyo ya kuzunguka, na muda wa kuzunguka haukuwepo. Kazie ya bia inalia, kila hatua chupa zinagongana, hata kipofu angejua ni nini. Watoto walianza kumwita, "Shemasi! Shemasi!" Mchungaji alikuwa mlangoni anapeana mikono na watu. Akaacha.

"Ndugu Firmin. Hiyo ni nini kichwani?"

"Ni boti, Mchungaji," Firmin akasema, akapita.

*

Kwa desturi, anayeingia hufungua chupa ya kwanza na kuonja ya kwanza. Jean-Baptiste alijaribu kusema labda waiache hiyo, kwa sababu ya dini ya mwenzao, lakini Bonaventure alisema tukianza kukatakata tutabaki na nini. Firmin akafungua. Akanywa. Hakuwa ameionja maishani mwake, na povu lilimrudi puani.

"Tazama, shemasi anajua!" mtu akasema, na walicheka, kicheko cha kirafiki, kicheko cha kumpokea muntu. Mmoja alimpiga begani.

"Sasa tuende," Firmin akasema. "Élisée anangoja. Nipeni funguo, mutakunywa na mimi nimekwenda."

"Kiingilio hakinywewi bila mwenyewe," Bonaventure akasema. "Kaa. Ni chupa chache. Unataka watu waseme ulikimbia pombe yako?"

Mama Philomène alimwaga chupa yake mchangani, yote, mbele yao.

"Yangu nimemaliza," akasema. "Na ya Évariste naimaliza." Akamnyang'anya Évariste chupa, akaimwaga hiyo pia.

"Mama, unaharibu!"

"Naharibu nini? Kunyweni haraka, muendeshe basi huo mudomo! Hamuoni ziwa?"

Ziwa lilikuwa limeanza kubadilika. Mbali, upande wa kusini, palikuwa na mstari mweusi juu ya maji, ule ambao kila mvuvi wa Kalemie anaujua. Firmin aliuona. Alichukua chupa yeye mwenyewe, akainywa yote, akachukua nyingine, akainywa, machozi na bia vinashuka pamoja, akinywa ili ziishe. Hapo kicheko kilikwisha. Watu waliangalia chini, wakanywa kwa haraka, kama wanaokunywa dawa. Hakuna aliyesema basi. Prezida alikuwa bado na yake nusu.

Funguo ilipotolewa, Firmin alitapika nyuma ya nyumba, akajipangusa, akabeba moteri na Élisée kwenda chini.

Upepo ulikuwa umefika. Mawimbi yalikuwa yanapanda hadi pale boti lilipolala. Élisée alisimama na maji magotini, akaangalia, akatikisa kichwa.

"Papa, tukiingia sasa tunageuka. Sisi wawili, na boti tupu bila uzito. Litageuka."

"Tuingie."

"Papa Firmin. Nani atamleta sasa, kama tumezama?"

"Asubuhi ziwa lilikuwa limelala, Élisée. Asubuhi maji yalikuwa yamelala."

"Najua, Papa. Niliyaona."

Wakakaa mchangani wakingoja. Mama Thérèse alileta watoto, wakakaa nao. Hakuna aliyeuliza ile harufu. Upepo haukupungua mpaka jua lilipokwisha kushuka nyuma ya vilima vya mji.

*

Walifika Mpala kulipokucha siku ya kwanza. Sista alikuwa anawangoja chini majini, akiwa ameshika viatu vyake mkononi. Firmin aliona vile viatu, akajua. Muntu mwenye mgonjwa ndani hakai majini.

"Jana," Sista akasema. "Jua lilipokuwa linazama. Mutoto alitangulia, kisha yeye."

Firmin akauliza kama alisema kitu.

Sista huyo alikuwa mtu mzima, amekaa Mpala miaka mingi, alijua kudanganya kwa upole. Lakini hakuweza.

"Aliuliza boti. Mchana tulikuwa tunamwambia liko njiani. Tulimgeuza kitanda aone ziwa. Alisema, leo ni siku ya Mungu, watampa." Akahamisha viatu mkono wa pili. "Baadaye alisema labda moteri imekataa. Alikuwa anakusemea wewe, Papa. Hakutaka tukufikirie vibaya."

Walimfunga katika shuka la misioni pamoja na mtoto, na magunia ya mahindi aliyoyanunua wakayaweka chini yake, ili asilale juu ya maji yanayoingia katikati ya mbao. Mahindi yalikuwa mazuri. Alikuwa amechagua vizuri. Njiani Élisée hakugeuka nyuma hata mara moja.

*

Na sasa sikieni ile sehemu ambayo watu wa Tusaidiane wanapenda kuieleza.

Kila kitu kilitolewa. Kazie zilikuwa zimenywewa, muntu alikuwa mshirika, na shirika halikumnyima kitu. Mbao za sanduku zilifika mchana uleule, za kunyooka, zimepigwa randa. Kitambaa cheupe kilifika, kipya, mikunjo ya duka bado iko. Unga wa matanga ulifika, na makaa, na samaki, na Jean-Baptiste alileta mwavuli wake kwa ajili ya Mama Thérèse. Kanisa halikuleta kitu. Mchungaji alikuwa amesema wangoje kwanza mambo ya shemasi yaangaliwe, na wanawake wa vitambaa vyeupe walisimama ng'ambo ya barabara wakiimba kwa sauti ndogo, bila ruhusa ya kuvuka.

Bonaventure alikuja mwisho, na abakosti yake. Safari hii kiti kililetwa, cha kwake. Hakukaa. Alisimama mbele ya sanduku, akainamisha kichwa muda unaotosha, halafu akawageukia watu.

"Ndugu zangu. Tusaidiane inalia. Lakini Tusaidiane haikumwacha mushirika wake. Boti lilikwenda. Mbao ni hizi. Kitambaa ni hiki. Unga ni ule. Hakuna kilichopungua hata kimoja, sawa na kwa mushirika wa mwanzo." Akamwekea Firmin mkono begani. "Papa Firmin, kuna kitu unadai kwetu?"

Mama Philomène, aliyekuwa amekaa chini na wanawake, alisema kwa nguvu, "Firmin, usijibu."

Firmin aliangalia kitambaa. Wanawake walikuwa wanangoja wamfunike mke wake. Mama Thérèse alikuwa ameshika ncha moja tayari, na ncha nyingine, ile aliyoiinua prezida kuwaonyesha watu, ilikuwa bado mkononi mwake. Hakukuwa na kitambaa kingine nyumbani. Vikwembe vyote vilikuwa vimekwenda. Kama angesema lile neno lililokuwa mdomoni mwake, ingebidi Rosalie azikwe katika shuka la misioni, lenye maji ya boti.

"Hakuna ninachodai," Firmin akasema.

"Basi."

"Asante," Firmin akasema. Sauti haikutoka vizuri.

Bonaventure alitaka kumpa kile kitambaa, lakini Jean-Baptiste alimgusa kiwiko, akamwonyesha kwa macho mwisho wa benchi, alipokuwa amekaa Évariste mwenye siku ya posho, na mke wake mwenye tumbo pembeni yake. Bonaventure akaelewa. Akabaki amekishika.

"Sema kwa nguvu kidogo, Papa," akasema kwa upole. "Na wengine walionunua mkononi wasikie faida ya kukamilisha."

Mke wa Évariste alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Firmin akamwangalia, akaangalia ncha ile ya kitambaa.

"Asante, Prezida!" akasema, kwa nguvu, watu wote wakasikia, hata wale wa ng'ambo ya barabara, na wimbo wao ukakatika.

Kisha akanyoosha mikono yake yote miwili, akapokea.